Ufa Uliopakwa Rangi ya Viatu

Vumbi la Kariobangi halitoki ardhini peke yake. Jingine hutoka kwenye chuma. Grainda ikilia, cheche zikiruka, chuma husagika kikawa unga, na unga huo hupanda, huelea, hutua: kwenye mandazi ya mama muuza chai, kwenye kope za wapita njia, kwenye kola ya shati la Ndete lililokuwa la buluu siku liliponunuliwa. Jua likipenya kati ya mabati, vumbi hilo humetameta, na mgeni husimama akalitazama. Wenyeji hawasimami. Wana kazi.

Ndete alikuwa na kazi ya kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya shule za bweni. Lakini kilichompa jina kuanzia Kariobangi hadi Soko la Burma ni fremu za pikipiki. Boda akigongwa na lori, akapona, alimletea Ndete mabaki. Asipopona, ndugu zake walimletea.

Alizaliwa kwa wachongaji. Baba yake, Mzee Kyalo, alichonga twiga na vifaru kule Wamunyu hadi vidole vikapinda, vikabaki vimekunjwa hata alipokuwa kanisani bila patasi. Kuchonga ni kuondoa, alimwambia mwanawe, na aliyeondoa hawezi kurudisha. Ndete alishika nusu ya kwanza ya neno hilo akaipenda sana. Nusu ya pili aliisikia, kama tunavyosikia sote maneno ya wazazi, kwa sikio moja.

Basi Njoki alipokuja kutaka kitu chepesi, alikuja kwa mtu aliyezaliwa akijua kuondoa.

Njoki alikuwa mwendesha boda, msichana mfupi, mwembamba, na mkono wake wa kulia haukujua woga. Miaka minne alibeba abiria na vifurushi, mvua kwa jua. Kisha Jumamosi moja alimpeleka mtu hadi milima ya Iveti, kule Machakos, na huko akaona jambo lililomwibia usingizi. Watu walikuwa wamesimama juu ya pikipiki, hawakuketi, wakipanda vijia vya mbuzi. Walijipenyeza kati ya jiwe na jiwe, wakageukia mahali ambapo mtu mwenye akili hashuki hata kwa miguu, na hawakuweka mguu chini. Tangu siku hiyo lami ilimchosha.

“Niaje, fundi. Nataka unitengenezee nduthi ya kupanda mawe.”

“Pikipiki ya kupanda mawe? Si ununue mbuzi!” Aliyedakia ni Makokha, mfua majiko wa kibanda cha pili, mtu aliyekuwa na jibu la kila swali ambalo hakuulizwa.

“Mbuzi haina klachi,” Njoki akamjibu, na kichochoro kizima kikacheka.

Kisha akaeleza, na alipoeleza hakucheka. Pikipiki za wale watu wa Iveti ni nzito. Zikianguka wanaziinua kwa misuli. “Mimi ikinilalia mguu nitalala nayo hadi Jumapili. Nataka ile naweza kuinua peke yangu, fundi. Nataka ile inaenda kushoto kabla sijamaliza kufikiria kushoto.” Mwisho wa Agosti kungekuwa na siku ya majaribio. Atakayekimaliza kijia kizima bila mguu kugusa ardhi angechukuliwa kuwa mwongozaji, awe anawatangulia wageni milimani kila wiki. Kazi ya kuamkia mawe na ukungu, badala ya honi na matusi.

“Sijawahi kutaka kitu hivi,” akasema, na akatazama chini, maana si rahisi kusema hivyo mbele ya wanaume wenye nyundo.

Ndete akamwambia alete pikipiki yoyote yenye injini nzima. Akaleta moja kuukuu, iliyokwisha kubeba magunia, mitungi ya gesi, maharusi wawili na jeneza moja.

*

Na kazi ikaanza, kazi tamu, kazi ya kuondoa.

Aliondoa kerio ya kubebea mizigo. Aliondoa kiti kirefu cha abiria, akaweka mahali pake kipande cha ngozi kisichotosha kuketi mtu aliyechoka. Aliondoa vyuma vya kukinga miguu, honi, taa, vifuniko vya plastiki, na kila skrubu iliyoshikilia kitu ambacho hakikuwapo tena. Aliukata mkia wa fremu, akaufupisha. Makokha, kwa kelele nyingi na malalamiko mengi, alifua tangi dogo la lita nne kwa bati la sufuria, likakaa kati ya magoti ya Njoki bila kumgusa. Nyuma wakatia sproketi pana, gurudumu la mnyororo lenye meno mengi, ili injini ivute polepole na kwa nguvu, namna bibi mwenye mzigo wa kuni anavyopanda mlima bila kusimama. Tairi zikawa za meno. Usukani ukainuliwa ili mwendeshaji asimame wima.

Kila Jumatano Njoki alipita akitoka kubeba abiria. Hakuuliza habari ya rangi. Alishika fremu kwa nyuma, akaiinua, akaisikiliza kwa mgongo wake.

“Bado, fundi. Punguza.”

Wakaibeba hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, wakaitundika kwenye mnyororo wa mizani yake. Kilo mia moja na nne. Yule mnunuzi akauliza kama anaweza kuichukua ikiwa hivyo hivyo. Wakamtukana kwa mapenzi, wakairudisha.

“Punguza, fundi.”

Tisini na tano.

“Punguza.”

Themanini na nane.

Ndete hakunywa pombe, alikuwa mtu wa kanisa. Lakini miezi ile alilewa. Alilewa tarakimu zinazoshuka. Mafundi wa kona nyingine walikuja kuiangalia pikipiki isiyo na kitu, wakaizunguka, wakaibonyeza, wakamwita bingwa. Siku moja, mbele yao wote, Njoki akiwapo, alijipiga kifua: “Nitakufikishia themanini na mbili. Ikizidi hapo msiniite fundi.”

Hakuna aliyemwomba tarakimu hiyo. Aliitoa mwenyewe, akaitundika hewani, na kuanzia hapo alikuwa akiitazama hiyo kuliko pikipiki.

Sasa, chini ya shingo ya fremu, pale mbele inaposhikana na mwili wote, kuna bamba dogo la chuma la pembe tatu. Halipendezi, halionekani, hakuna mtu aliyewahi kulisifu. Kazi yake ni moja tu: gurudumu la mbele likitua kwa kishindo, bamba hilo huizuia shingo isifunguke. Ndete alikuwa amelichomelea bamba hilo kwenye fremu za watu wengi, na wengi wao wako hai.

Alilikata. Akatoboa na matundu kwenye bomba lililobaki. Mizani ikasema themanini na mbili kamili, na kichochoro kikapiga nyundo kwa shangwe, na Njoki akaiinua kwa mkono mmoja.

“Hapo,” akasema. “Hapo, fundi.”

*

Alhamisi, siku mbili kabla ya majaribio, Ndete aliifuta pikipiki vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Asubuhi ile Njoki alikuwa ameijaribu, ameirusha juu ya mtaro mara tano, akatua na kucheka kama aliyepewa habari njema.

Kitambaa kilipopita shingoni, kiliacha mstari. Mstari mwembamba, unywele mmoja, uliotoka kwenye tundu hadi kwenye kiungo. Akaufuta. Haukufutika.

Akafanya alilomwona baba yake akifanya mara elfu. Alikunja kidole, akagonga kwa kifundo, akainamisha sikio. Chuma kizima hulia. Hiki kilikohoa.

Ndete alijua. Hili liandikwe mapema, asije mtu akamtetea: alijua.

Ingebidi kufungua kila kitu, kuchomelea upya, kurudisha bamba. Siku mbili, labda tatu. Ingezidi kilo moja na kitu. Na Ijumaa mchana pikapu ya kwenda Machakos ingekuja kumchukua Njoki. Angeweza kumwambia: ngoja. Silabi mbili tu. Lakini ili aseme ngoja ingebidi aseme kwa nini, na mafundi wangesikia, na ile themanini na mbili ingeanguka mbele za watu, nayo ilikuwa imemea moyoni mwake pasipo kupandwa na mtu.

Kule Wamunyu, mpingo ukipasuka siku ya mwisho, mnunuzi akiwa njiani, hakuna anayelia. Mchongaji hukusanya unga wa mti ule ule kutoka sakafuni, huuchanganya na gundi, huushindilia ufani kwa kucha. Ukikauka huupiga msasa. Kisha hutia rangi nyeusi ya viatu, akasugua kwa brashi hadi kinyago king'ae, na ufa hauonekani hata kwa aliyeuziba. Hakuna mnunuzi aliyewahi kurudi kulalamika. Wala wachongaji hawakuona ni dhambi. Twiga hapandwi. Twiga husimama juu ya kabati akitazama sebule ya watu.

Ndete akakusanya unga wa chuma kutoka sakafuni. Akauchanganya na gundi. Akaushindilia ufani kwa kucha. Akapiga msasa. Akatoa mkebe wa rangi ya viatu aliyoitumia Jumapili, akapaka, akasugua kwa brashi. Mikono ilifanya yote kabla moyo haujaulizwa, mikono ya ukoo mzima, na ilifanya vizuri.

Wahenga walisema tuzibe ufa. Hawakusema tuuzibe kwa rangi ya viatu.

Ijumaa Njoki alikuja na kofia yake ya chuma na begi la nguo. Akaizunguka pikipiki mara moja. Akaligusa tangi, akaugusa usukani, akapitisha kidole chake, Mungu ni shahidi, juu ya shingo.

“Fundi, sina la kukwambia.”

“Nenda salama,” akasema Ndete. Na alijua.

*

Pikipiki ilirudi kabla ya mwenyewe. Jumatatu pikapu iliishusha, vipande viwili: gurudumu la mbele na uma wake huku, mwili wote kule. Dereva akasema msichana yuko hospitali ya Machakos, mkono wa kulia umevunjika mahali pawili, lakini anaongea. Alianguka kwenye kona ya mwisho, pale kijia kinapopita kati ya majabali mawili kisha kinashuka ghafla. Hadi hapo hakuwa ameweka mguu chini.

Ndete akachuchumaa penye shingo iliyovunjika. Chuma kinapovunjika hakisemi uongo. Nusu ya jeraha ilikuwa inang'aa, nyeupe, mpya. Hiyo ilivunjika Jumamosi. Nusu ya pili ilikuwa nyeusi. Nyeusi iliyosuguliwa vizuri kwa brashi.

Akatafuta gunia la kuifunika. Hakuwahi. Makokha alikuwa amekwisha kuinama kando yake, amepitisha kidole gumba kwenye ule weusi, amekinusa. Ni harufu ambayo kila mtu aliyewahi kwenda shule anaijua.

Makokha, mtu mwenye jibu la kila swali, alijifuta kidole kwenye suruali, akarudi kwa majiko yake. Siku ile alikunywa chai akiwa amempa Ndete mgongo, na siku iliyofuata vivyo hivyo.

Njoki akaja baada ya siku kumi, mkono umefungwa plasta hadi juu ya kiwiko. Alitembea katikati ya kichochoro bila kumsalimu mtu, akasimama mbele ya kibanda, na akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia:

“Fundi, nisamehe. Nimekuvunjia kazi yako.”

Ndete akafungua mdomo.

“Nilivuta mafuta mingi kwa kona. Nikagonga jiwe. Sikumbuki vizuri, lakini ni mkono yangu tu, hakuna kingine. Umefanya miezi mitatu, na mimi nimeiharibu na kona moja. Usikasirike na mimi, fundi.”

Hapa palikuwa mahali pake. Mlango ulikuwa wazi, tena umefunguliwa na mwenye nyumba. Ndete aliuona. Akawaona na mafundi, nyundo mikononi, wakimsubiri aseme neno.

“Usijali, mami,” akasema. “Pikipiki ni chuma tu.”

Wakamsifu! Aibu gani hii, kusifiwa. Mama muuza chai akasema fundi ana roho safi, kwamba mwingine angedai au angefoka. Njoki akashika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akausukuma mbele kidogo, akauangalia vile mtu anavyomwangalia mtoto aliyemtia aibu ugenini. Kisha akaenda zake.

Ndete akawasha grainda, akasaga kipande cha bomba ambacho hakuna aliyekihitaji.

*

Ewe aibu, una njia nyingi za kujificha, na Ndete alizipita zote.

Alifanya kazi. Alifanya kazi hadi mama muuza chai akamwambia apumzike. Aliona haya kumwangalia mkewe akimpigia pasi shati la kanisani, akaanza kulipiga mwenyewe, na viatu vyake akaacha kuving'arisha. Jumapili alivaa viatu vyenye vumbi.

Katika kipindi cha maombi alisimama, akamwombea Njoki. Alisema, ndugu zangu, kuna dada mmoja ameumia, tumkumbuke. Waumini wakaitika, na baada ya ibada mzee wa kanisa akamshika bega, akamwambia wangekuwapo mafundi kumi wenye moyo kama wake mtaa huu ungepona. Ndete akasema amina. Alikwenda nyuma ya kanisa, kwenye mapipa ya maji, akasimama huko hadi watu wote walipoondoka.

Kwani ni nini hasa alichokiogopa? Hakuogopa polisi. Hakuogopa hata Njoki. Aliogopa uso wa Njoki katika ile dakika moja ya kujua. Kwa sababu ya dakika hiyo moja alimwacha abebe lawama wiki nzima, kisha wiki mbili, kisha sita.

Wiki ya saba Makokha alisimama mlangoni pake. Hakuingia.

“Nimemwona Njoki.”

Ndete akazima mashine.

“Ameacha pikipiki. Ile yake ya boda amempa binamu yake. Anapanga foleni ya vibarua Industrial Area, kule mtaani kwa Reuben, asubuhi na mapema. Nilimuuliza mbona. Akaniambia mkono wake una kiburi, usipomuua yeye utamuua mtu wa watu.” Makokha akatazama pembeni. “Wale wa Iveti walimpigia simu. Walitaka aje ajaribu tena mwezi ujao. Alikataa. Aliwaambia wamtafute mtu anayejua kupita kona.”

Akageuka aende, kisha akarudi nusu hatua.

“Mimi ni mfua majiko,” akasema. “Sijui mambo ya fremu. Lakini wewe unajua, Ndete.”

*

Asubuhi ya pili yake Ndete aliikata ile shingo iliyovunjika, vipande viwili, akavifunga kwenye taulo, akashuka hadi kwa Reuben. Foleni ilikuwa ndefu mbele ya geti la kiwanda. Njoki alikuwa katikati, mkono wa kulia mfukoni, kwa maana msimamizi akiuona umekonda hamchukui mtu.

“Fundi! Umepotelea wapi huku?”

Alifurahi kumwona. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya adhabu.

Ndete alikuwa amepanga maneno njiani, maneno marefu yenye utangulizi. Hakuna hata moja lililokuja. Akafungua taulo, akamwekea vipande mkononi. Akamwonyesha palipong'aa, akamwonyesha palipo peusi.

“Huu weusi ni rangi ya viatu,” akasema. “Niliupaka mimi.”

Njoki hakuelewa, kisha akaelewa. Alikuwa mwendesha pikipiki. Hakuhitaji kufafanuliwa mara mbili. Watu wa foleni walisogea mbele, wakampita, nafasi yake ikafungwa na mwanamke mwenye leso nyekundu, na yeye hakusogea.

“Ulijua lini?”

“Alhamisi.”

“Alhamisi baada?”

“Alhamisi kabla.”

Akavigeuza vile vyuma, akavigeuza tena. Uso aliouogopa Ndete wiki saba sasa ulikuwa mbele yake, na haukuwa na hasira. Ulikuwa unahesabu siku.

“Na mimi nikakuja nikakuomba msamaha.”

“Ndiyo.”

“Mbele ya watu.”

“Ndiyo.”

Njoki akafunga taulo kwa mkono mmoja na meno. “Twende,” akasema.

Walitembea kutoka kwa Reuben hadi Kariobangi, yeye mbele, Ndete hatua mbili nyuma. Mara moja Ndete alijaribu kusema. Njoki akainua ule mkono uliokonda, bila kugeuka. Malori yaliwapita, jua likapanda, jasho likamtoka Ndete kila mahali, na hakuthubutu kujifuta.

Kichochoro kilikuwa kwenye kelele zake. Njoki akaenda hadi mahali pale pale mbele ya kibanda, akakanyaga ardhi kwa kisigino.

“Nilisimama hapa. Simama.”

Ndete akasimama. Akasema. Hakuna aliyesikia, grainda zilikuwa zinalia. Akasema tena, kwa nguvu, akaionea haya sauti yake mwenyewe. Ndipo Makokha akaweka nyundo chini. Jirani yake akamwona, akaweka ya kwake. Kimya kikapita kibanda hadi kibanda, hadi kwa wakunja mabati wa mwisho, na grainda ya mwisho ikashuka sauti, ikafa. Na kwa kuwa hakuna kilichokuwa kikisagwa, vumbi likaanza kutua. Hewa ikatakata. Ndete akaona nyuso ambazo kwa kawaida huziona nusu, akaziona zote, hadi mwisho wa kichochoro.

“Pikipiki haikuvunjwa na Njoki,” akasema. “Ilikuwa na ufa shingoni. Niliuona. Nilikuwa nimekata bamba ili nipate ile themanini na mbili yangu. Nikauziba ufa kwa gundi na unga wa chuma, nikapaka rangi ya viatu, nikampa apande. Alipokuja kuniomba msamaha nilikuwa najua. Nikaupokea.”

Mama muuza chai alitoa sauti ndogo.

Ndete alikuwa tayari. Kwa matusi alikuwa tayari, kwa kofi, hata kwa jiwe. Alilitamani, ukweli ni huo, kofi lingempunguzia.

Njoki hakuwa anamtazama. Alikuwa ameingia kibandani, anatafuta kitu kati ya vyuma, anatoka akiviringisha gurudumu la mbele, bado liko kwenye uma wake, kwa mkono wa kushoto.

“Inua,” akamwambia. “Zungusha.”

Ndete akaliinua kwa uma, akalizungusha. Likazunguka sawasawa, bila kuyumba, bila kugusa uma upande wowote. Wote waliona. Palikuwa na macho mengi ya kifundi pale.

“Ningegonga lile jiwe,” Njoki akasema polepole, “hii ingekuwa hivi?”

“Ingepinda.”

“Kwa hivyo sikugonga.”

“Hukugonga. Shingo ilifunguka ulipotua, ng'ambo ya majabali. Ulikuwa umeshapita kona.”

“Sema tena.”

“Ulikuwa umeshapita, Njoki.”

Aliweka mkono wa kulia mdomoni. Mabega yakamtikisika, na kwa muda hakuna aliyejua kama ni kilio au kicheko. Kisha wakajua ni vyote. “Nilipita!” akamwambia mama muuza chai, akimshika bega. “Nilipita ile kona!” akamwambia Makokha, na Makokha, macho yakimng'aa, akasema sasa kila mtu anajua, hata majiko yangu yanajua. Kiganja cha Njoki kilikuwa kimeanza kujikunja hewani, kinavuta mafuta ya pikipiki ambayo haikuwapo, kinavuta, kinaachia, kwa ustadi ule ule.

Furaha hiyo ndiyo iliyomchoma Ndete kuliko kofi lolote. Ilikuwa mali ya Njoki, halali yake, tangu ile Jumamosi. Yeye ndiye aliyeikalia wiki saba.

Njoki akapangusa uso. Akageukia mafundi.

“Ni nani mwingine anajua fremu? Wanataka nirudi mwezi ujao.”

Desturi ya kichochoro kile ni kwamba fundi hatajiwi fundi mwingine mbele yake. Kumtaja ni kumzika mwenzako akiwa amesimama. Makokha alitazama viatu vyake. Wakunja mabati walitazama mabati yao. Njoki aliwatazama mmoja mmoja, akingoja, na hakumtazama Ndete.

“Yuko Mwangangi,” akasema Ndete. “Dandora, karibu na kituo cha mafuta, geti la kijani. Hana haraka, lakini hugonga kila kiungo akasikiliza kabla hajapaka rangi. Mwambie arudishe bamba.”

“Mwangangi. Geti la kijani.” Njoki alirudia ili asisahau. Akalichukua gurudumu mikononi mwa Ndete, akalitia begani upande wa mkono mzima.

Miezi yote ile alikuwa akimwita fundi. Hata siku ya plasta alimwita fundi.

“Asante, mzee,” akasema, kwa adabu ambayo mtu humpa mpita njia aliyemwelekeza, akaondoka.

Nyundo ya kwanza ikaanza, ya pili ikaifuata, grainda ikawashwa mahali fulani upande wa nyuma. Vumbi likaanza kupanda tena. Ndete alitamani lipande haraka, lijae, limfunike. Lilipanda polepole, na watu wakaendelea kumwona.